Unywele Mmoja

Baba'ngu alikuwa fundi wa kufuli, Msingini, Chake:
chumba kimoja, jiriwa moja, tupa kumi na nne
zimepangwa kwa ukali ukutani.
Ufunguo uliokatwa na Faki Shaame
hauhitaji kubembelezwa. Unaingia, unageuka, basi.
Ndiyo maana habari ya zile risasi
mpaka leo imenikaa kooni kama mwiba wa chewa.

Alikuja Bwana Nasoro wa Wawi,
mwaka ule karafuu zilipozaa hadi matawi yakavunjika
na watu wakawa wanachuma usiku mashamba yasiyo yao.
Bastola ya babu yake, nzito kama pasi ya makaa,
ameilaza ndani ya mfuko wa mchele.
"Maganda ninayo, baruti ninayo. Nataka vichwa.
Kumi na mbili zatosha."
Zatosha nini, hakusema.
Baba hakuuliza.

Mie miaka tisa, kazi yangu kuvuvia moto.
Risasi tuliitoa kwenye mabomba makuukuu.
Haichemki kwa kelele, risasi;
inalegea tu, kama mtu aliyechoka kukataa.
Baba akiimimina kalibuni, midomo ikihesabu,
akifungua: kichwa kidogo, cha moto,
mfano wa kokwa ya zambarau.

Kisha pete.
Pete ya chuma, kaichonga mwenyewe,
na kila kichwa sharti kipite humo,
kisukumwe kwa nta, kitokee ng'ambo
kiuno kimenyooka.
Siku tatu kwa tundu moja!
Mama akasema hata kasha la benki
halikumlaza na njaa namna ile.

Watoto tulikuwa na kitendawili chetu:
Nyumba sita, mlango mmoja.
Tukijibu, bastola, tukikimbia.

Siku ya kujaribu, Bwana Nasoro alikaa barazani
mbele ya wachumaji, majamvi yamejaa karafuu mbichi.
Akatia ya kwanza. Ikagoma.
Akasukuma kwa dole gumba, akasukuma kwa hasira.
Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu.
Wageni wamefika, nyumba zimewakataa.
Bi Mchanga ndiye aliyeanza kucheka,
pishi bado kichwani,
halafu jamvi zima.

Alizimwaga kizingitini kwetu.
"Fundi gani wewe, unashindwa na tundu!"
Baba akainama, akaokota moja moja,
akazitia kopo la maziwa, akafunika.
Mwaka mzima watu walipeleka kufuli zao Wete.
Tulikula muhogo, tukashukuru.

Amekufa Shaabani iliyopita.
Nimelifungua kopo.
Nina kipimo changu cha kazi, kinasoma hata unene wa karatasi.
Nikapima ya kwanza: imezidi unywele.
Ya pili, unywele.
Nikazipima zote, nikarudia baada ya alasiri,
unywele ule ule, haukupungua, haukuongezeka.
Asiyejua kupima hukosea ovyo,
hii nene, hii nyembamba.
Kumi na mbili hazikosei pamoja.

Nikamwendea Mama. Alikuwa anachagua mchele.
"Baba'ko mwaka ule macho yalimsumbua," akasema,
akatupa kijiwe uani.
Sikuongeza neno.

Lugha yetu ina neno moja tu:
risasi ni hiyo inayozama majini,
risasi ni hiyo inayozama mwilini.
Anayeitenga moja na nyingine ni mkono.

Mie ni mwashi. Kumi na moja nimeziyeyusha
nikasubu timazi.
Ya kumi na mbili sijui niifanyeje,
imo mfukoni, inatoboa kitambaa.

Jana nilikuwa Wawi, najenga ukuta
kwa mjukuu wa Bwana Nasoro, kijana mpole, ana kisukari.
Nikaachia uzi. Risasi ikashuka,
ikayumba, ikasita, ikatulia.
"Timazi nzuri," akasema. "Umeinunua wapi?"
Nikaangalia ukuta. Ulikuwa umelala kidogo upande wa kusini.
"Sikuinunua," nikamwambia.
"Ni yenu hii."